Majira ya Theluji Nyumbani kwa Ndugu Yetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa joto na baridi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Kila mwaka pepo za kaskazi zivumapo hapa Tanga, na jua likawaka hata mchanga wa uani haukanyagiki, watoto wa chuoni kwetu hutuomba tuwahadithie habari za theluji. Wao wameisikia katika masomo ya shule, na wachache wameiona kwa mbali kileleni Kilimanjaro walipopita Moshi. Lakini sisi, kwa kudra ya Mungu, tulikaa ndani yake majuma tisa katika mji wa Boston, jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani, mwanzoni mwa mwaka 2015. Tumeona heri tuyaandike hayo katika gazeti hili ili yawafae na watu wa nyumba nyingine. Yamo ndani yake mambo ya kutuaibisha sisi wenyewe, wala hatutayaficha.

Sababu ya safari ilikuwa hivi. Mdogo wetu, tuliyenyonya naye ziwa moja, amekaa huko miaka mingi. Ameoa binti wa watu wa Mombasa, nao wamejaliwa watoto wawili: wa kiume, aliyekuwa na miaka 9 wakati ule, na wa kike wa miaka 4. Mama yetu mzazi alikuwa hajamtia mjukuu wake machoni ila katika picha, naye hakuwa na raha. Alisikia kwamba mtoto yule husema na kuvaa kama watoto wa huko, na kwamba chuo chake cha Kurani ni saa mbili tu kila Jumapili. Basi ndugu yetu alipotuletea tikiti, sisi na ahali yetu, mama alituita chumbani akasema: "Nendeni salama, na mkirudi mniletee mtoto. Akae kwako, mwanangu, asome chuoni kwako kama alivyosoma baba yake." Tukamjibu: "Inshallah, mama." Nasi moyoni hatukuwa na shaka kwamba tutamfunza vizuri kuliko afunzwavyo huko. Ndugu yetu na mkewe hatukuwaarifu neno lile; tulisema tutalitamka kwa mdomo tukishafika.

Tuliondoka baada ya Maulidi ya Mfunguo Sita mwaka 1436, tukapitia Dubai, tukashuka Boston katikati ya Januari. Tulipotoka mlangoni mwa kiwanja cha ndege tukavuta pumzi ya kwanza, tulidhani tumemeza miiba. Ndugu yetu akacheka, akatuvika makoti aliyokuja nayo, akasema, "Kaka, hii bado. Hii ndiyo baridi ya kuwakaribisha wageni."

Nyumba yao i katika mtaa wa Dorchester, kusini mwa mji. Huko nyumba nyingi ni za mbao, za ghorofa tatu, na kila ghorofa ina wenyewe. Nyingi zilijengwa baina ya miaka ya 1880 na 1930 kwa ajili ya watu wa kazi. Chini alikaa mzee mmoja wa asili ya visiwa vya Cape Verde, mjane, asiyesikia vizuri. Katikati walikaa ndugu yetu na watu wake, na juu wanafunzi wa chuo kikuu. Chini ya nyumba, ndani ya ardhi, mna matanuri yanayopasha nyumba moto, na moshi wake hutoka kwa mabomba yaliyotokeza ubavuni mwa nyumba, si juu sana kutoka ardhini. Msomaji na ayaweke akilini mabomba hayo.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni wakati. Mwezi wa Januari huko Magharibi huingia karibu na saa 11 jioni, na Adhuhuri na Alasiri husongamana kama watu mlangoni. La pili ni kibla. Hapa Tanga twaelekea kaskazini. Boston waelekea baina ya kaskazini na mashariki. Tena upepo uletao theluji kubwa huko huvuma kutoka upande uo huo. Nasi tukastaajabu: miezi ile ile ambayo kaskazi yetu hutuletea joto na majahazi, kaskazi yao huwaletea theluji, nayo huwajia usoni wanaposimama kusali.

Siku za kwanza theluji ilikuwa chache. Kisha usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 27 Januari ikashuka ile waliyoitabiri. Gavana wa jimbo alikwisha kataza magari kutembea barabarani tangu usiku wa manane, na mji mzima ukanyamaza kimya tusichopata kukisikia mahali popote penye watu. Tulipoamka kwa Alfajiri tuliangalia dirishani, hatukuona ngazi, wala ua, wala gari. Kila kitu kilikuwa cheupe, na bado ilikuwa ikishuka, si wima kama mvua bali kwa ubavu, ikisukumwa na upepo. Kiwanjani mwa ndege walipima inchi 24 na nusu, yaani zaidi ya sentimita 62, katika tufani ile moja.

Tulisimama pale dirishani, tukakumbuka dua ya kufungulia Sala tuliyoisoma tangu utotoni, ile ambayo mja huomba aoshwe makosa yake kwa maji na theluji na mvua ya mawe. Zaidi ya miaka thelathini tulikuwa tumewafundisha watoto dua hiyo, na kila walipouliza maana ya "thalj" tuliwaambia "barafu," tukapita. Siku ile ndipo tulipofahamu kwamba tulikuwa tukiomba kwa kitu tusichokijua. Uchafu wote wa mtaa ule, makopo, majani makavu, matope ya jana, ulikuwa umefunikwa kwa weupe mmoja. Tukasali rakaa zetu mbili, na machozi yalitutoka.

Mtoto wa ndugu yetu alitufunza jambo jingine. Alitoka kibarazani na kipande cha kitambaa cheusi na kioo cha kukuzia, akapokea chembe zikishuka, akatuambia, "Ba'mkubwa, hesabu ncha." Tukahesabu sita. Chembe nyingine, sita. Nyingine umbo lake mbali kabisa, nazo sita vile vile. Theluji si maji yaliyoganda kama barafu ya jokofu; ni mvuke wa mawinguni unaogandamana juu ya kijivumbi kidogo kisichoonekana kwa macho, ukajenga ncha zake katika kushuka kwake. Subhanallah! Chembe moja yayeyuka kabla mtu hajamaliza kuitazama, na bado imeumbwa kwa ustadi kama kwamba itadumu milele.

Baada ya mshangao ikaja kazi. Desturi ya Boston ni kwamba mwenye nyumba hupewa saa 3 tu baada ya theluji kukatika awe amekwisha safisha njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba yake, upana wa inchi 42, ili hata mtu wa kiti cha magurudumu apite. Asiyefanya hutozwa faini. Basi wote tukashika mabeleshi. Theluji mpya ni nyepesi kama pamba, lakini ikilala siku mbili huwa nzito kama mchanga wa pwani uliolowa, na mtu asiyezoea huweza kuumia mgongo au moyo. Ndugu yetu akatufundisha kuchota kidogo kidogo na kuinama kwa magoti. Kisha wakamwaga chumvi njiani, kwa sababu chumvi huzuia maji yasigande upesi. Ahali yetu, ambaye wazee wake walikuwa wakivuna chumvi katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu, alishika kichwa: "Mungu wangu! Chumvi yote hii inapikiwa barabara!"

Tuliona pia viti vibovu, mapipa na mbao za kupigia pasi zimesimamishwa kando ya barabara. Kumbe mtu akishachimbua mahali pa kuweka gari lake, huacha kiti ili mwingine asimwibie jasho lake, na serikali ya mji huwaachia jambo hilo kwa saa 48 baada ya kuondolewa hali ya hatari. Hapana karatasi wala mlinzi. Ni kiti tu, na watu wengi wakiheshimu.

Haikukoma hapo. Tufani ya pili ilikuja tarehe 2 Februari, ya tatu siku chache baadaye, ya nne tarehe 15. Mwezi wa Februari peke yake ilishuka zaidi ya inchi 64, katika mji ambao kwa kawaida majira yote hayafiki inchi 50. Tarehe 10 Februari reli za mji zilisimama siku nzima. Shule zikafungwa siku baada ya siku. Marundo kando ya njia yakapita urefu wa mtu, tukawa twatembea kama katika mitaro. Mapaa mengi katika jimbo yaliporomoka kwa uzito, na mengine yakavuja, kwa kuwa theluji iliyoyeyuka juu ya paa hukimbilia ukingoni, ikaganda huko, ikawa kama ukuta, na maji yanayofuata yakakosa pa kutokea ila ndani ya nyumba.

Vijana watauliza: Ibada zilikuwaje? Tuwajibu kwamba dini yetu si ya nchi za joto tu. Kuutimiza udhu wakati nafsi hautaki, kama vile katika baridi, ni katika mambo ambayo Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa Mungu hufuta kwayo makosa. Mwenye kuvaa khofu za ngozi baada ya udhu kamili amepewa ruhusa ya kupangusa juu yake usiku na mchana mmoja akiwa mkaazi, na siku tatu na usiku wake akiwa msafiri. Na usiku wa baridi kali imepokewa katika Sunna kwamba mwadhini awaite watu wasali majumbani mwao. Maisha yetu yote tulikuwa tukiyasoma haya kama milango ya kitabu tu, huko tuliyaishi. Ndugu yetu akasimama imamu sebuleni, watu watano safu mbili. Ijumaa njia zilipofunguka tulikwenda kusali katika msikiti mkubwa wa matofali mekundu ulio Roxbury, uliofunguliwa mwaka 2009, tukasimama bega kwa bega na Wamarekani weusi, Wasomali, Waarabu na watu wa Bara Hindi, kila mmoja na koti lake linalotoa mvuke. Mtaa huo wa Roxbury ndimo alimokaa ujanani mwake Malcolm X, aliyefika pwani yetu, Unguja na Dar es Salaam, mwaka 1964.

Wala haikuwa taabu tupu. Watoto walitaka kusimamisha mtu wa theluji, mwenye macho ya mkaa na pua ya karoti, kama wafanyavyo jirani zao. Sisi tulisita kwa ajili ya habari ya sanamu. Baba yao akasema, "Basi wajenge chombo cha kwao." Tukashinda Jumamosi nzima uani tukijenga jahazi la theluji, urefu wa hatua sita, lenye omo na tezi na usukani wa ubao. Mlingoti ulikuwa mpini wa ufagio, na ahali yetu akatoa kanga yake moja ikawa tanga. Kanga ile ilikuwa na unyevu wa kufuliwa. Haikupita robo saa ikakauka kwa barafu, ikasimama kama bati, imetuna kana kwamba imeshika upepo. Wapita njia wakasimama kupiga picha, na wengine wakauliza ni meli ya nchi gani. Mtoto akawajibu kwa fahari: "Ya kwa bibi yangu, Tanga." Jioni shemeji yetu alipika uji wa pilipili manga, na watoto wakajaza bakuli theluji safi wakamimina juu yake maji ya ukwaju yenye sukari, wakala wakitetemeka na kucheka.

Siku zile shule zilipofungwa tulichukua nafasi ya kumsomesha mtoto kila asubuhi. Tulimkuta na akili, lakini matamshi yake ya herufi za kooni yalikuwa mabovu, na juzuu aliyoihifadhi ni moja tu. Tena kila asubuhi alichelewa. Alikuwa akichukua beleshi lake dogo na kutoka nje karibu nusu saa, kisha akarudi na mashavu mekundu. Siku moja tulimkemea kwa ukali: "Wakati wa Kurani wewe unachezea theluji?" Akainamisha kichwa, asijibu neno, akafungua msahafu. Nasi tukajiambia kuwa mama yetu alisema kweli.

Usiku huo baada ya Isha tukatoa agizo letu. Ndugu yetu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, wewe ni mkubwa wangu, sina la kukujibu. Mama naye ni mama. Muulize mama yake mtoto." Shemeji yetu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akasema kwa upole: "Shemeji, mtoto si wangu peke yangu, ni wa ukoo. Lakini nakuomba umtazame kwanza mtoto huyu jinsi alivyo, ndipo uhukumu. Ukishamtazama ukaniambia amepotea, mizigo yake nitaifunga mwenyewe." Maneno yale yalikuwa ya adabu, nayo yalituchoma.

Sasa tunafika penye kosa letu. Chumbani tulimolala palikuwa na chombo kidogo cheupe cha mviringo ukutani. Usiku mmoja tulipoamka kusali tahajudi kilianza kulia "tii!" kila baada ya dakika moja. Tulivumilia rakaa nne, kisha tukakishusha, tukatoa betri zake, tukakitia katika mtoto wa meza chini ya nguo. Asubuhi mtoto aliingia kutuamkia, akatazama ukutani. "Shikamoo, Ba'mkubwa. Kile cha ukutani kiko wapi?" Tukamjibu kuwa kilikuwa kikitusumbua katika ibada. Hakusema neno. Alikitafuta, akaenda akatoa betri katika gari lake la kuchezea, akazitia, akapanda kiti akakirudisha mahali pake. Tuliona ni ukaidi wa mtoto.

Usiku baada ya tufani ya nne, tarehe 15 kuamkia 16 Februari, baridi ilikuwa zaidi ya digrii 15 chini ya sifuri na upepo ukipuliza. Kama saa 8 za usiku chombo kile kikalia, si kwa sauti ya mara ile, bali kwa ukali wa kupasua masikio. Sisi, Mungu atusamehe, tulijifunika blanketi. Mara mtoto akaingia mbio miguu mitupu, akituvuta mikono: "Tokeni! Tokeni nje!" Baba yake alikwisha mnyanyua msichana, shemeji ameshika makoti, na simu imekwisha pigwa kwa wazima moto. Tulipokuwa ngazini mtoto akasimama ghafla. "Mzee wa chini! Akilala huvua vile vya masikioni. Hasikii!"

Ndugu yetu alikuwa na ufunguo aliopewa na yule mzee kwa siku ya shida. Tuliingia naye. Chombo cha mzee nacho kilikuwa kikilia ukutani mwake, na yeye ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kiatu kimoja, akitutazama bila kutufahamu. Kichwa kilimwanguka kama cha mlevi, naye si mlevi. Tukamtwaa huku na huku, tukamtoa.

Wazima moto walifika na vyombo vyao vya kupimia, wakafungua madirisha yote, wakafukua ubavuni mwa nyumba. Bomba la kutolea moshi la tanuri la mzee lilikuwa limezibwa kabisa na theluji iliyosukumwa na upepo, na hewa yenye sumu ikarudi ndani. Hewa hiyo ni ile ile itokayo katika jiko la makaa: haina rangi, haina harufu, haina moshi. Huingia katika damu ikashika mahali pa hewa njema, na aliyelala haamki. Wakatueleza kwamba mwezi wa Januari mwaka 2005 mtoto wa miaka 7 katika jimbo hilo hilo alikufa kwa namna hiyo, theluji ilipoziba bomba la nyumba yao, na ndipo ikatungwa sheria, iliyoanza mwaka 2006, ya kulazimisha kila nyumba ya namna hiyo iwe na chombo kile ukutani. Na mwaka 2013 mtoto mwingine wa Boston alikufa ndani ya gari, ameketi apate joto huku baba yake akiondoa theluji, kumbe bomba la nyuma limefukiwa.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, mama Mkristo ambaye hatukupata kusema naye zaidi ya kuinuliana mikono, alifungua mlango wake akatuingiza wote. Ilipofika Alfajiri alituona tukitazamana, akafahamu; akaisogeza meza yake ukutani na kututandikia shuka safi. Tukasali sebuleni kwake. Shemeji yetu alitutazama mara moja, asiseme neno. Yule mzee alichukuliwa hospitali, naye alirudi siku ya pili akitembea kwa miguu yake, Alhamdulillahi.

Kulipokucha tukamwona mtoto anachukua beleshi lake dogo. Safari hii nasi tulichukua letu tukamfuata. Hakwenda kwenye jahazi. Alikwenda ubavuni mwa nyumba, akasafisha mabomba, moja baada ya jingine, mpaka umbali wa hatua moja kila upande. Kisha akafagia ngazi za yule mzee na kuzinyunyizia chumvi. Tukamwuliza: "Hii ndiyo kazi yako ya kila asubuhi?"

"Ndiyo, Ba'mkubwa. Na jioni. Jana jioni nilisafisha, lakini upepo umerudisha."

"Nani aliyekuagiza?"

"Baba. Alisema jirani ana haki, na akinipa pesa nisipokee."

"Mbona tulipokukemea hukusema?"

Akatutazama kwa kushangaa. "Ulikuwa bado unasema, Ba'mkubwa."

Wasomaji wetu, tumekaa mbele ya masheikh wakubwa kuliko sisi, wala hatukumbuki kuona haya kama tulivyoona siku ile. Haki ya jirani tumeifundisha mara nyingi tusizoweza kuhesabu. Na mtoto tuliyekuja kumwokoa na ujinga alikuwa akiitenda kila siku, huku sisi tukimkemea kwa ajili yake. Na lau asingelirudisha kile chombo ukutani, sijui nani leo angeliandika habari hizi.

Tuliporudi ndani tulimwambia shemeji yetu: "Mizigo usifunge." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda jikoni kupika chai ya tangawizi.

Lakini juzuu moja bado ilikuwa juzuu moja, wala adabu njema haiondoi wajibu wa kusoma. Tukapatana kwamba kila Jumamosi na Jumapili tutamsomesha kwa simu, saa 3 asubuhi kwao, ambayo majira ya baridi ni saa 11 jioni kwetu, baada ya Alasiri. Ndivyo tulivyofanya miaka mingi, na herufi za kooni zikanyooka.

Tuliondoka siku chache baada ya tarehe 15 Machi, siku ambayo mji ulitangaza kuwa majira yale yamepita yote yaliyopata kupimwa: zaidi ya inchi 108, yaani karibu mita 2 na robo tatu, kupita yale ya mwaka 1995 na 1996. Tulifika Tanga mikono mitupu, tukaenda moja kwa moja kwa mama, tukamweleza yote, na habari ya betri tusiifiche. Alikaa kimya, tasbihi mkononi. Kisha akauliza: "Na yule mzee, amepona?" Tukasema amepona. Akasema: "Alhamdulillahi. Basi mwacheni kwa wazee wake. Lakini aje nimwone."

Mwezi wa Ramadhani mwaka ule mtoto alitupigia simu akicheka. Theluji iliyokusanywa kwa malori ikarundikwa karibu na bandari ilikuwa mlima, nao ulikauka kabisa tarehe 14 Julai tu, siku ambayo kwetu ilikuwa ya 27 ya mfungo. Na Agosti mwaka 2016 alikuja mwenyewe na baba yake, akaketi karibu na kitanda cha bibi yake, akamsomea Sura ya Yasin. Alikosea mahali pawili, nasi tukanyamaza.

Tunawausia ndugu zetu mambo matatu. Kwanza, msilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, wala msiliingize ndani usiku wa mvua kwa kutaka joto, hata kama moshi umekwisha; sumu haina moshi. Hatuna theluji, lakini hewa ile tunayo. Pili, mjueni jirani yenu asiyesikia, asiyeona, au anayekaa peke yake, na mjue mlango wake kabla ya siku ya shida. Tatu, na hili ni la walimu na wazazi wenzetu: kabla ya kumkemea mtoto aliyechelewa, muulizeni alikuwa wapi.

Wabillahi tawfik.